Damu ya Bwana Nassor Ilipogeuka O

Kabla sijakwambieni lolote, wanangu, fungeni midomo. Sikutukaneni. Ninakupeni hatua ya kwanza ya kupima damu, ambayo haimo katika vitabu vyenu, na ambayo mimi niliijua wakati nimeshafanya kazi miaka saba na nimeshaitia moto nyumba ya watu.

Niliingia chumba cha damu cha hospitali katikati ya miaka ya themanini, nikatoka mlipokuja nyinyi na mashine. Sina ugomvi na mashine. Inazunguka, inalia, inatoa karatasi, na mtu akikuulizeni kwa nini mgonjwa huyu ni kundi A mnamjibu kuwa mashine imesema. Sisi tulikuwa na kigae cheupe, kile kile cha ukutani bafuni, vijiti vya kukorogea, macho yetu wenyewe, na Mzee Makame.

Mzee Makame alikuwa mkuu wa chumba. Mtu mfupi, kofia yake ya kushonwa kwa mkono, miwani imefungwa uzi, na hakuamini kitu mpaka akipate kwa njia mbili. Ukimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, kisha anakutazama usoni kuhakikisha kama ulikusudia. Akinunua chungwa Darajani hulinusa, akaligeuza, akalinusa tena. Mkewe alituambia kuwa hata siku ya harusi alimwomba shehe arudie. Sisi vijana tulimcheka mpaka mbavu zikatuuma.

"Mbele na nyuma," ndilo lilikuwa neno lake. Mbele ni kuchukua chembe nyekundu za mgonjwa ukazitilia dawa ya A na dawa ya B, uone zinashikana kwa ipi. Zikishikana kwa dawa ya A, huyu ni A. Zisiposhikana kwa yoyote, huyu ni O. Nyuma ni kinyume chake: unachukua yale maji ya damu ya mgonjwa, unayakutanisha na chembe za mtu unayemjua kuwa ni A, na chembe za mtu unayemjua kuwa ni B. Maji ya mtu wa A hayazigusi chembe za A, kwa sababu hayapigani na ndugu zao. Yatazikusanya za B peke yake. Maji ya mtu wa O huzikusanya zote mbili. Mbele na nyuma zikikubaliana, unaandika. Zikigombana, unaweka kalamu chini.

Sasa hao watu tunaowajua. Nyinyi chembe zao mnaletewa ndani ya vichupa kutoka ng'ambo. Sisi zetu zilikuwa zinatembea. A wetu alikuwa Mosi, mwanamke wa usafi, na B wetu alikuwa Khamis, dereva wa gari la wagonjwa. Kila Jumatatu asubuhi tuliwatoa damu kidogo, tukaziosha chembe kwa maji ya chumvi, tukazitumia wiki nzima. Mosi alikuwa akiogopa sindano kuliko kifo. Akiniona nakuja na mpira wa kufungia mkono hujitosa chumba cha dobi akajifukia ndani ya mashuka, mimi namvuta mguu, yeye analia, na wagonjwa wodini wanaulizana nani anachinjwa. Khamis yeye alivimba kichwa. Alijitambulisha kwa wageni kuwa yeye ndiye B wa hospitali, na siku aliyogombana na muuguzi mkuu kwa ajili ya kuegesha gari, alitishia kuondoka na kundi lake.

Na mimi nilikuwa nimeshaonywa. Miezi michache kabla ya kisa changu aliletwa bibi mmoja wa Kikwajuni mwenye saratani ya uboho, ile inayoyafanya maji ya damu kuwa mazito. Chembe zake zilishikana kwa dawa ya A, zikashikana kwa dawa ya B, zikashikana kwa kila nilichozitilia, na nadhani hata chai ningeitia zingeshikana. Nikaandika AB. Mzee Makame akaniita kwenye darubini. Nikaona chembe zimelaliana moja juu ya moja kama sahani zilizooshwa. Akaondoa yale maji yake mazito, akatia maji ya chumvi badala yake, na chembe zote zikaachana, kila moja ikashika njia yake. Bibi alikuwa O, kama alivyozaliwa.

"Hizi hazikushikana, Zuwena," akaniambia. "Zilibebana tu. Mgonjwa wa saratani ya damu usiiamini damu yake mpaka iseme mara mbili. Maradhi haya yanapenda mchezo."

"Ndiyo, mzee," nikasema, nikasahau.

Kisha akaletwa Bwana Nassor, Allah amrehemu. Alikuwa fundi saa pale Mlandege, Mwarabu wa mjini, wa watu waliokuwa na mashamba zamani na sasa wamebaki na nasaba. Nasaba yenyewe mwenye kuihifadhi alikuwa dada yake, Bi. Asya, mwalimu mstaafu wa bayolojia, aliyeweza kukuhesabia mababu wao mmoja mmoja bila ya kuvuta pumzi. Bi. Asya hakuwahi kumsamehe ndugu yake kwa kumuoa Bi. Kazija, mwanamke wa Makunduchi, aliyekuja dukani siku moja na saa mbovu ya baba yake, akaolewa na fundi. Ndoa ilikuwa na miaka ishirini na sita, na Bi. Asya akienda kwao bado alipangusa kiti kabla ya kukaa. Mtoto walikuwa naye mmoja tu, Hilali, mtu mzima sasa, anakaa na mkewe kwenye magorofa ya Michenzani.

Bwana Nassor alifika amepauka, fizi zinatoka damu, hana nguvu hata ya kuvua saa yake mkononi. Daktari akasema ni saratani ya damu, ile inayokwenda mbio, na kabla hajavushwa Dar es Salaam kwa matibabu ni lazima aongezewe damu. Sampuli ikaja kwangu. Mzee Makame alikuwa Pemba kwa kazi. Khamis alikuwa Tumbatu harusini. Mosi alikuwa amejificha vizuri kuliko siku zote.

Nikapima mbele. Dawa ya A, kimya. Dawa ya B, kimya. Nyuma siwezi, kwa sababu A wangu haonekani na B wangu anakula biriani. Ningeweza kumsaka Mosi chini ya kila shuka. Ningeweza kukopa tone la damu kwa mtu mwengine yeyote anayejulikana. Ningeweza hata kupanda wodini kumwuliza mgonjwa kama aliwahi kupimwa zamani, jambo ambalo halihitaji dawa wala darubini. Nikaandika O kwa wino mweusi, nikapiga na mstari chini yake.

Bahati yangu ni kuwa damu ya O haimdhuru mtu wa A, na chupa mbili alizopewa zilimfaa. Kosa hilo lingeelekea upande mwengine, leo nisingekuwa na uso wa kusimulia. Balaa langu lilipita mdomoni.

Desturi ilikuwa mgonjwa akishapewa damu, jamaa zake waje kuirudisha. Hilali akaja asubuhi ile ile na mama yake na shangazi yake, mkono wa shati ameukunja tokea mlangoni.

"Nichukueni mpaka mchoke," akasema. "Damu yangu na ya baba ni moja."

Nikampima. AB. Na mimi, badala ya kumpa chai na ahsante, nikataka kuchekesha watu.

"Moja wapi," nikasema. "Baba yako O, wewe AB. Damu zenu hata hazijuani."

Hilali akacheka. Bi. Kazija akacheka. Bi. Asya hakucheka. Nilimwona macho yake yakipanda darini, yakikaa huko kidogo, kisha yakashuka.

"Bi. Zuwena," akasema taratibu, "ati baba wa O aweza kuzaa mtoto wa AB?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili huangusha kigae makusudi. Huanza kukohoa. Husema anaitwa wodini. Mimi nilikuwa nimetoka masomoni na diploma mpya, na mwalimu wa sekondari ananiuliza suali ninalolijua. Nikajibu kwa sauti ya darasani: "Hawezi. Haiwezekani kabisa. Mtoto wa AB sharti apate A kwa mmoja na B kwa mwengine. Mtu wa O hana cha kutoa."

Nilipofika mwisho wa sentensi ndipo nilipoisikia.

"Alhamdulillahi," akasema Bi. Asya, akabeba mkoba wake. "Mie nlijua." Akatoka. Bi. Kazija alikuwa bado na tabasamu lake usoni, hajajua alipeleke wapi.

Mji Mkongwe hauhitaji redio. Adhuhuri habari ilikuwa Darajani, alasiri ilikuwa katika kila baraza ya kahawa, na ilikuwa imenenepa. Wako waliosema AB ni damu ya wanajeshi. Wako waliosema ni ya watu waliotungwa mimba safarini. Kesho yake nikakuta foleni kutoka mlango wa maabara mpaka chini ya ngazi, na ndani yake hakuna hata mgonjwa mmoja. Baba mmoja alikuja na watoto saba na daftari. Kijana aliyegombana na baba yake alitaka kuthibitisha kuwa si wake, akatoka amenuna kwa sababu walikuwa sawasawa. Bwana mmoja alitaka nimpime yeye na mama mkwe wake. Nikamwambia hao hawana haja ya kufanana. Akasema anajua, anataka nimwandikie tu kwa muhuri kuwa hawahusiani. Mkuu wa hospitali akabandika tangazo mlangoni: MARUFUKU KUULIZIA BABA HAPA. Chini yake mtu akaandika kwa penseli: basi tuulizie wapi?

Ningecheka na mimi. Lakini kila nikiinua kichwa namwona Bi. Kazija. Alikuwa amekuja na mkeka wake, ameutandika ukumbini mbele ya mlango wetu, chupa ya uji wa mumewe pembeni. Saa za kula anakwenda wodini kumlisha, akimaliza anarudi kukaa. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana.

"Shikamoo, Bi. Kazija," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mie ntakaa hapa mpaka damu ya mume wangu ipimwe na mtu mwenye akili."

Nikamwuliza, na Bwana Nassor mwenyewe anasemaje?

"Dada yake kamwambia aniache. Kamwambia na mtoto si wake. Nkamwuliza, Nassor, na wewe wasemaje? Akageukia ukuta. Kasema, tungoje majibu." Akaufunga vizuri mfuniko wa chupa ya uji, ambao ulikuwa umefungwa. "Miaka ishirini na sita, mwanangu. Tungoje majibu."

Niliingia ndani nikalia, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimemwondolea mwanamke heshima yake kwa kutaka kujisifu mbele ya mwalimu, na mumewe yuko kitandani, huenda akafa na shaka hiyo moyoni. Na kijana wa watu, aliyekuja kutoa damu amekunja shati, sasa alikuwa anapita ukumbini kichwa chini.

Mzee Makame akarudi siku ya tatu. Nikamweleza yote. Hakupiga kelele.

"Nyuma ilisemaje?" akauliza.

"Sikupima nyuma."

"Zamani aliwahi kupimwa?"

"Sikumwuliza."

"Na habari ya nani baba wa nani, daktari aliiomba?"

"Hakuiomba."

"Basi usiloulizwa umelijibu, na uliloulizwa hukulijibu," akasema. "Ile sampuli ya mwanzo, kabla hajapewa damu ya watu, umeitupa?"

Hilo, wanangu, ndilo pekee nililolifanya sawa. Ilikuwa kwenye friji, na jina lake. Mgonjwa akishaongezewa damu, mishipani mwake wamo na wageni, na wageni watakujibu badala yake. Msitupe sampuli ya mwanzo hata kama friji imejaa. Toeni chakula chenu.

Mzee Makame akatoka ukumbini, akachuchumaa pembeni mwa mkeka. "Bi. Kazija, mumeo kapata kutoa damu?"

"Katoa. Nlipojifungua Hilali, nlipotokwa na damu nyingi. Kadi yake nnayo sandukuni."

Akaenda kuileta. Ilikuwa imegeuka rangi, inanukia udi, na juu yake pameandikwa A, herufi kubwa kama ya mlango wa duka. Hakuna aliyemwuliza siku tatu zote zile, hata mimi, hata mumewe.

Bi. Asya, aliyekuwa amekuja kuangalia maendeleo, akaitazama kadi kwa ncha ya jicho. "Karatasi hata mie nnaandika," akasema.

"Kweli, Mwalimu," akasema Mzee Makame. "Basi karibu ndani uone kwa macho yako." Mimi nikamnong'oneza kuwa si kawaida kuingiza jamaa maabara. Akaniambia maji yameshamwagika hayazoleki. Alikuwa ameshakwenda wodini kuomba ruhusa ya Bwana Nassor, na ya Bi. Kazija pia.

Mosi akaja mwenyewe kwa miguu yake, akanyoosha mkono na macho amefumba. Alisema bora sindano kuliko kumwona mwanamke mwenzake pale mkekani. Khamis alikuwa amerudi na rangi ya hina vidoleni, naye akatoa tone lake.

Mbele ikasema kama mwanzo: O. Bi. Asya akatabasamu. Mzee Makame akaiweka chini ya darubini, na huko, katikati ya chembe nyingi zilizolala peke yake, palikuwa na vikundi vichache vimeshikana, vidogo, ambavyo jicho tupu halikuviona. Kisha akapima nyuma. Maji ya Bwana Nassor hayakuzigusa chembe za Mosi. Chembe za Khamis yalizikusanya mpaka zikawa kidonge kimoja.

"Chembe zinakana, maji yanakiri," akasema. "Huyu ni mtu wa A."

"Moja inasema O na moja inasema A," akasema Bi. Asya. "Nyinyi mmechanganyikiwa."

"Uboho wake ndio uliochanganyikiwa, Mwalimu. Saratani inatoa chembe ovyo, nyingi zinatoka hazina alama yake ya A, au zinayo kidogo mno. Mtu akitoka nyumbani bila kofia, hubadilika ukoo?"

Mfano ule ulimgusa Bi. Asya mahali pake, lakini hakukubali. Basi Mzee Makame akafanya kazi ambayo sijaiona tena ikifanywa kwa utulivu ule. Alizitilia chembe za Bwana Nassor dawa ya A, akaziweka kwenye friji saa nzima, kwa sababu alama dhaifu hushika vizuri kwenye baridi. Pembeni akaweka chembe zake mwenyewe, yeye O halisi, ziwe shahidi. Kisha akaziosha zote kwa maji ya chumvi, mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane, na yale maji ya mwisho akayajaribu kuhakikisha hayana dawa hata chembe. Kama kuna dawa iliyobaki, ni ile tu iliyong'ang'ania alama ya A. Ilibaki kuzitia chembe kwenye joto ili dawa iachie, kisha kuikamata ile dawa na kuijaribu kwa chembe za Mosi.

Joto lenyewe lilitoka kwenye birika letu la chai. Mlango ulikuwa wazi na ukumbi mzima umejaa watu, ile foleni ya akina baba nayo imesogea, wote kimya wanatazama birika. Lilipokaribia kuchemka, muuguzi mmoja asiyejua lolote akapenya, akamimina maji yetu, akaenda kupika chai ya wodi ya wazazi. Ukumbi ukaguna. Tukaanza upya. Mara hii Khamis alisimama juu ya birika kama askari, na kipimajoto alikishika yeye, akitangaza digrii kwa sauti kwa wale wa nyuma wasioona.

Mzee Makame akatia tone la mwisho, la chembe za Mosi, akatikisa, akasogea pembeni. "Tazama wewe, Mwalimu."

Bi. Asya akainama. Akavua miwani, akaipangusa kwa buibui, akainama tena.

"Zimeshikana," akasema.

"Na upande wa shahidi?"

"Hazikushikana."

"Basi somesha."

"Ni A," akasema Bi. Asya, na sauti yake ilikuwa ndogo. Bi. Kazija naye nilikuwa nimeshampima: B. Hapo hata wale wa kwenye ngazi walijua A na B zikikutana zinafanya nini, maana wiki ile mji mzima ulikuwa umesoma bayolojia.

Kwa haki ya kazi nikuongezeeni hili. Kundi la damu halimthibitishi baba. Likisaidia sana, humwondoa asiyekuwa, na hata hapo kuna damu chache za ajabu zinazovunja kanuni. Kwa hiyo ile "haiwezekani kabisa" yangu ilikuwa kosa juu ya kosa. Mgonjwa wa saratani aliyepoteza alama, mwengine aliyepoteza yale maji yanayokiri, mtoto mchanga, mzee sana: hao wote damu yao yaweza kukudanganya upande mmoja. Uliza kadi ya zamani. Tia kwenye baridi, tazama kwa darubini, pima nyuma. Na ukishindwa, mpe O na useme umeshindwa.

Nikatoka mbio kumwambia Bi. Kazija. Nilipiga magoti mbele ya mkeka nikamwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo damu yake imesahau ni ya nani," akasema, "kwa sababu inaumwa."

"Naam, Bi. Kazija. Ni maradhi tu."

"Na yeye aliponambia tungoje majibu, kilikuwa kinamuuma nini?"

Akakunja mkeka, akabeba chupa ya uji, akaenda wodini, kwa sababu ilikuwa saa ya kula.

Bwana Nassor alipoambiwa alilia kwa furaha, akasema alijua tokea mwanzo. Bi. Asya naye akasema alijua. Sijapata kuona watu wengi hivyo waliojua mambo mawili yaliyo kinyume. Akavushwa Dar es Salaam, na Bi. Kazija akaenda naye, akakaa naye miezi yote ile. Aliporudi nywele zilikuwa zimenyonyoka lakini anatembea, na sampuli yake nilipoitia dawa ya A ikashikana papo hapo, hata kijiti sijakizungusha. Dawa zikimkubali mgonjwa, alama hurudi. Ikianza tena kufifia, mwambieni daktari, na mwambieni daktari peke yake.

Nilidhani yamekwisha. Siku moja Bi. Kazija akaja maabara na buibui lake.

"Zuwena, inuka. Wewe uliianza, njoo uimalize."

Nikamfuata mpaka Mlandege. Bwana Nassor alikuwa amekaa dukani, kioo chake cha ufundi jichoni, na ukutani, katikati ya saa mbili za mshale, palikuwa na fremu ya kioo. Ndani yake ni majibu ya Mzee Makame, yamepigwa chapa, muhuri wa hospitali chini: Nassor A, Kazija B, Hilali AB. Bi. Kazija alibaki nje barabarani. Tokea siku fremu ile ilipotundikwa hakuwa amekivuka kizingiti.

"Umeiona?" Bwana Nassor akaniuliza kwa fahari. "Kila anayeingia anaisoma. Hiyo ndiyo heshima ya mke wangu."

"Anayejua, anakumbuka," akasema Bi. Kazija kutoka nje. "Asiyejua anauliza, anahadithiwa. Mji mzima huu, mke mwenye cheti ni mie peke yangu."

Bwana Nassor akanitazama, mimi mtaalamu, nimsaidie.

"Ile ni ushahidi wa nini, Bwana Nassor?" nikamwuliza.

"Kuwa mke wangu ni msafi."

"Na nani aliyesema si msafi?"

"Wewe," akasema, akaninyooshea kidole.

"Mimi nilisema O," nikasema. "Tungoje majibu alisema nani?"

Mteja mmoja alikuwa amesimama pale na saa yake mkononi, akaona heri atazame nje. Bwana Nassor akavua kioo jichoni, akavuta kigoda, akapanda. Alikuwa bado dhaifu na nilitaka kumshika, akanikataza. Akaiteremsha fremu, akaigeuza uso chini juu ya meza. Ukutani pakabaki alama ya mraba, nyeupe kuliko kwengine.

"Fundi, hapo palikuwa na nini?" akauliza mteja.

"Palikuwa na kosa langu," akasema Bwana Nassor. "Lete saa."

Bi. Kazija akavua viatu, akaingia.